Mama Nyamaza na gari lililogoma kuwaka

Saa mbili kasoro robo asubuhi, gari jeupe linasukumwa kutoka kwenye pampu za kituo cha mafuta hadi kibanda cha mabati kilicho nyuma yake. Wanaolisukuma ni mwenye gari, mwalimu mstaafu aliyevaa shati lililopigwa pasi, na wahudumu wawili wa kituo. Kwenye kiti cha mbele amekaa mkewe, mkoba umetulia mapajani.

Fundi umeme wa magari anatoka kibandani akifuta mikono. Kila mtu anaongea. Huyu anasema betri, yule anasema stata, mota ya kuzungushia injini.

"Nyamazeni!" anakemea. "Gari lenyewe lipo hapa, na nyie mnalisemea? Liacheni liseme."

Wananyamaza. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiwanyamazisha wateja hivyo, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Nyamaza. Jina alilopewa na wazazi wake huenda analijua mumewe tu.

"Baba, washa taa kubwa. Haya, zungusha ufunguo."

Ta! Mlio mmoja mkavu, kisha kimya.

Mwalimu anafuta jasho. Mkewe anatakiwa kuwa hospitali saa tatu kamili kusafishwa damu, maana figo zake zimegoma. Hupelekwa huko mara tatu kwa wiki. Mashine ni chache na foleni ni ndefu. Akichelewa, nafasi yake anapewa mwingine, na kukosa kwake mara moja si jambo la mzaha. Dereva wa teksi waliyempigia simu amejibu kwamba amekwama barabarani. Gari lenyewe ni la otomatiki, hata ulisukume mpaka kesho haliwaki.

"Juma lililopita nilinunua betri mpya," mwalimu analalamika. "Fundi mwingine ameniambia stata imekufa. Nyumbani leo limewaka baada ya kubembelezwa mara saba!"

Mama Nyamaza anainama mbele ya gari. Anaziangalia taa. Zinawaka vilevile, hazikufifia hata kidogo.

"Likilia ta-ta-ta-ta mfululizo na taa zikazimika, betri imechoka," anaeleza huku akifungua boneti. "Likilia mara moja na taa zikabaki na nguvu, wengi wanakimbilia stata. Hata mimi nilikuwa hivyohivyo."

Anaigonga stata taratibu kwa mpini wa nyundo, maana iliyokwama huamka ikigongwa. Mwalimu anazungusha ufunguo. Ta!

Hapo fundi mwenye haraka angeshika spana na kuanza kuifungua. Kubadilisha stata kunamlipa fundi mara tano ya kukaza waya, na mteja mwenye shida habishani. Mama Nyamaza hashiki spana, na sababu anaisema mwenyewe bila kuficha.

"Zamani nilimbadilishia dereva mmoja stata nzima. Siku ya tatu alirudi kwa miguu, ameshika kipande cha waya kilicholiwa na kutu. Ugonjwa ulikuwa pale tu! Na kazi ya udereva alishaipoteza. Hakunitukana. Bora angenitukana."

Tangu siku hiyo hafungui kitu kabla ya kuziuliza nyaya. Sasa anachukua waya mnene wenye vibanio, upande mmoja anaubana kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini.

"Zungusha."

Injini inanguruma! Wahudumu wa pampu wanapiga makofi, mwalimu anataka kuondoka na huo waya ukining'inia.

"Taratibu, mzee wangu. Ukifika huko na likagoma tena, utaniita nani? Zima."

Ni saa mbili na dakika tano. Anainama, mkono unazama hadi begani, anafuata kwa vidole waya unaounganisha injini na bodi. Anafungua nati yake na kucheka kwa sauti.

"Gari hili lilipakwa rangi lini?"

Mwalimu anababaika. "Wiki mbili zilizopita."

"Mpaka huku ndani?"

"Niliwaambia wasiache hata kona."

Wapaka rangi walifungua waya, wakapaka, kisha wakaufunga juu ya rangi mbichi. Rangi haipitishi umeme, kwa hiyo stata ilikosa nguvu. Stata ni nzima, betri ya zamani nayo huenda ilikuwa nzima.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeliharibu?" Sauti ya mwalimu imeshuka.

Mkewe anatoa kichwa dirishani. "Alilipakisha rangi kwa ajili yangu," anamwambia fundi. "Nilimwambia nimechoka kupelekwa hospitali na gari linaloonekana kuumwa kuliko mimi." Kisha anamgeukia mumewe: "Baba watoto, wala usinune. Limependeza."

Mama Nyamaza anageuza uso kidogo, anakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, anakaza nati, anajaribu mara tatu. Linawaka mara tatu. Saa mbili na dakika kumi na tisa wanaingia barabarani.

Fundi huyu ana ubingwa wa kusikiliza, lakini asubuhi hii hasikii lolote analoambiwa. Gari la pili linafika, anashika spana isiyofaa. Saa tatu na dakika nane simu inaita.

"Fundi, nimeshalazwa kwenye mashine," sauti ya mke wa mwalimu inasema. "Mwalimu yuko nje analifuta gari vumbi."

"Alhamdulillahi," anajibu, na kukaa juu ya tairi kuukuu.

Anatoa kwenye droo nakala ya barua aliyokwishaipeleka mara mbili kwa uongozi wa hospitali, akiomba kona ya kuweka meza yake ya kazi karibu na geti. Mara mbili amekataliwa. Ya tatu ataipeleka Jumatatu, na safari hii mwalimu, kabla ya kuondoka, ameahidi kumsaidia kuiandika.

"Hapa wateja ninao, sikatai," anamwambia mwenye gari la pili. "Lakini mtu aliyetoka kusafishwa damu, gari likimgomea pale getini, nani amsukumie?"