Ukuta wa Elementi Ishirini

Siku niliyoharibu ukuta wa darasa letu kule Haneti naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mjukuu wangu, na babu yako akinisikia nasema hivyo hununa mpaka jioni. Nilikuwa kidato cha nne. Kitabu cha kemia kilikuwa kimoja tu, cha Mwalimu Yohana, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mwalimu akaamua tuchore jedwali la elementi ukutani, zile ishirini za mwanzo, kila mtu asome. Kazi akanipa mimi kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilijua kwamba ninao.

Alinichorea mfano kwenye karatasi, kisha akasafiri kwenda kwao Kondoa msibani. Mstari wa juu ulikuwa na elementi mbili tu: haidrojeni mwisho wa kushoto, heli mwisho wa kulia, katikati patupu. Mistari miwili iliyofuata ilikuwa na nane nane. Chini kabisa zilibaki mbili, zote kushoto. Mimi mtoto wa mkulima wa mtama nikaona mapengo. Kwetu pengo kwenye mstari ni aibu, unarudishia mbegu mara moja. Basi na mimi nikarudishia. Nikazipanga mistari miwili ya kumi kumi, kuanzia namba moja hadi ishirini, hakuna iliyoruka. Ukuta ukapendeza, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima huku wenzangu wakikariri.

Mwalimu aliporudi alitupa jaribio kabla hata hajavua koti. Alikuwa ametufundisha kwamba elementi zilizo kwenye safu moja, juu na chini, zina tabia zinazofanana. Akauliza ipi inafanana na heli. Darasa zima liliandika magnesiamu, kwa kuwa kwenye ukuta wangu ndiyo iliyokuwa chini ya heli. Akasoma karatasi, akageuka kuutazama ukuta.

"Rehema, njoo hapa mbele."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akashika kipande cha magnesiamu kwa koleo, akakiwasha. Kikatoa mwanga mweupe mpaka tukafumba macho. "Na heli ukiichoma, inawaka?"

"Haiwaki, mwalimu."

"Sasa hawa ni ndugu?"

Nikatikisa kichwa. Mwalimu kwao waliongea lugha ya vidoko, ile ya kugongesha ulimi mdomoni, Kiswahili alijifunza shuleni kama sisi, kwa hiyo alikitumia polepole, na siku ile polepole yake iliniumiza. "Namba umepanga sawa, binti. Namba inakuambia nani anamfuata nani. Lakini ukihesabu, unafika mahali tabia inajirudia. Sodiamu inakuja na tabia za lithiamu. Hapo unashuka mstari mpya, unamweka chini ya ndugu yake, hata kama mstari wa kwanza una wawili tu. Ile nafasi umeijaza, ukatenganisha ukoo."

Jirani yangu wa dawati akanong'ona, "Umetuponza." Nikalia. Sikulilia fimbo, nililia kwa kuwa wenzangu wangefeli kwa sababu ya mkono wangu. Mwalimu akaligeukia darasa, akasema kosa ni lake pia, alisafiri bila kunieleza maana ya yale mapengo.

Mchana ule alileta chokaa tukapaka upya. Akapima mistari kwa uzi, akanishikia benchi nililosimamia, na kila nilipoandika elementi aliniuliza inaishi na nani. Hakuandika hata herufi moja yeye mwenyewe. Tulimaliza jua likizama, shati lake limejaa chokaa. Swali la jedwali lilikuja kwenye mtihani, tukalijibu, na mimi nikaja kufundisha kemia hadi nilipostaafu hapa Ipagala. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi kwamba waliopanga jedwali zamani waliacha hata nafasi za elementi ambazo hazijagunduliwa, na baadaye zikapatikana. Kila nikisema hivyo nilimshukuru Mwalimu Yohana moyoni, na leo namshukuru kwa sauti.

Nimekusimulia haya, mwanangu, kwa sababu nasikia msimamizi wako pale chuoni Chimwaga amekurudishia kazi yako, nawe umekasirika. Isome tena. Ukikuta kazi ya mtu ina nafasi usiyoielewa, uliza kabla ya kuijaza. Usiridhike kwa kuwa kitu kimenyooka machoni, angalia kama kila kimoja kimekaa na wa tabia yake. Na ukikosea, kubali mapema, kabla watu hawajakariri kosa lako.

Mungu akubariki, akupe akili tulivu na mikono isiyo na haraka. Akujalie mtu wa kukuambia umekosea, na akishakuambia, abaki pale mpaka umalize kurekebisha.