Namba ya Joto na Sauti ya Dada

Dada yangu wa tumbo moja ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za unyago. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia. Yeye aliolewa Nandagala, upande wa Ruangwa, mimi nipo huku Nambambo, na kila kiangazi, mahindi yakishaingia ndani, tulikuwa tunaitana. Wasichana tuliowatoa ninayo majina yao yote mpaka leo, na ya mama zao, lakini hapa siyaandiki. Wengine sasa ni watu wazima na heshima zao.

Dada alipoanza kukohoa sana, mjukuu wangu wa kike akapata wazo. Alikuwa na kibanda pale Nachingwea mjini, anachapa barua na kutoa fotokopi.

"Bibi, tumlete Bibi Mkubwa aimbe kwenye kompyuta," akasema. "Zikae humo, zisipotee."

Tukamleta. Tukafunga mlango, tukatundika khanga dirishani, na mwanamume aliyegonga tulimwambia umeme hakuna. Dada akaimba, mimi naitikia. Akichoka anakunywa maji, anakitazama kile kijiti cha kushika sauti.

"Mwenzenu huyu mvivu," anasema. "Tangu asubuhi haitikii."

Tulicheka mpaka akakohoa. Mvua za mwaka ule hazikumkuta.

Baada ya arobaini mjukuu akataka kuzitoa zile nyimbo azitie kwenye sidii, moja yangu, moja ya binti wa marehemu. Hapo ndipo kompyuta ilipoanza ubaya. Inaanza kuandika sidii, inakwenda, inakwenda, halafu kioo kinakuwa cheusi kama mtu kafumba macho. Akiiwasha mara moja haitaki. Akiiacha ipumzike inawaka, akianza tena inazima. Barua fupi ilichapa vizuri. Kazi nzito ndiyo iliyokuwa inaiangusha.

Palikuwa na fundi mtaa wa pili, kijana mpole. Alitaka aichukue akaifungue kwake. Makungwi wenzangu wakakataa. Kompyuta yenye unyago ndani haiwezi kwenda kulala kwenye banda la vijana wa kiume, wanaofungulia muziki tangu asubuhi, waje wabonyeze wasipopajua. Hata mle kibandani wakamkatalia asiingie. Basi yule fundi akawa anakaa barazani, anatutibia mgonjwa kupitia mlangoni.

"Dada, hiyo ni joto," anamwambia mjukuu wangu. "Kuna mahali inaonyesha joto la prosesa. Nisomee."

"Thelathini na nane."

"Soma vizuri."

"Nimesoma. Thelathini na nane."

"Mbona hiyo baridi? Hata mimi hapa nikishikwa na homa naipita hiyo."

"Labda wewe ndiye wa kuzimwa," akamjibu kungwi mmoja kutoka Mkotokuyana, na wote tukaguna kwa kucheka. Fundi naye akacheka. Lakini mimi niliona mjukuu wangu hacheki.

Prosesa, nilivyoelezwa, ndiyo inayofikiri, na ikichemka sana mashine inajizima yenyewe isiungue. Mimi niliweka kiganja ubavuni mwa lile boksi, kama unavyompima mtoto homa. Halikuwa na moto. Kiganja changu na ile namba vilisema neno moja, na vyote viwili havikusaidia kitu.

Tukafanya tunachokijua. Nyumbani kwetu ukitaka kitu kipoe unakipeleka kwenye kona ya mtungi, penye mchanga uliomwagiwa maji, upepo upite. Tukaihamisha kompyuta kwenye kona ya nyuma ya kibanda, tukamwaga mchanga pembeni, tukauloweka, tukatundika gunia bichi dirishani. Pakawa baridi kama pangoni. Mjukuu akatazama kioo.

"Bibi, thelathini na moja."

Tukapiga vigelegele. Akatia sidii. Nyimbo zikaanza kwenda, na kioo kikazima.

Tuliendelea hivyo siku nyingi. Namba inashuka, mashine inazima. Tuliloweka gunia mpaka likaota ukungu. Mimi nilikuwa nakaa tu pale na khanga yangu, napepea boksi la bati, sijui hata kama napepea upande wa kichwa au wa miguu. Halafu asubuhi moja haikuwaka kabisa. Yule wa Mkotokuyana akasema, "Mwiteni sasa. Maiti huoshwa na yeyote aliyepo."

Maneno mabaya yale, lakini mjukuu akatoka kwenda kumwita.

Fundi akaingia, akafungua skrubu za boksi, na feni ilikuwa nzima. Chini ya feni kuna kipande cha chuma chenye mapezi, ndicho kinachokalia prosesa na kuinyonya moto. Kile chuma kilikuwa kimeinama. Kishikizo chake kimoja kimevunjika, na ile dawa nyeupe inayopakwa katikati imekauka kama ukoko wa ugali.

"Joto lilikuwa linabaki hapa chini, halipandi," akasema. "Na kipimo hakipo hapa. Kipo pembeni, kwenye ubao. Kilikuwa kinapima hewa ya humu ndani."

"Kwa hiyo gunia letu?" akauliza mjukuu.

"Gunia lilipoza kipimo, dada."

Prosesa yetu ilikuwa imeshaungua, akapata kuukuu kutoka mashine nyingine, akapaka dawa mpya, akakibana kile chuma kwa waya, na akatafuta programu nyingine inayosoma prosesa yenyewe. Ikawaka. Ikaandika hamsini na sita. Mjukuu akashtuka, fundi akamwambia atulie, hiyo sasa ndiyo kweli, na haitazima.

Haikuzima. Tukamtoa fundi nje, tukafunga mlango. Mjukuu akafungua wimbo wa kwanza. Dada akavuta pumzi, akaimba mstari mmoja, akakwama hapo hapo, anarudia kipande cha neno. Nyimbo nyingine hazikufunguka. Fundi akaeleza kutoka nje kwamba kule kuzima ghafla, mara kwa mara, kumeumiza diski, pale nyimbo zilipohifadhiwa.

"Bibi, si unazijua?" mjukuu akaniuliza. "Imba wewe."

Nikafungua mdomo. Maitikio yote ninayo, ya kila wimbo, na ninajua ni mwali gani alilia kwenye upi. Mistari ya mbele ilikuwa ya dada. Sikuwahi kuishika, maana siku zote yeye alikuwepo.

Kiangazi kilichofuata tuliwatoa wasichana wanane. Tulikaa ndani, makungwi wote, tukaimba maitikio. Katikati tuliacha nafasi, tukapiga makofi kwa muda ambao dada angeimba, halafu tukaitikia. Wasichana walidhani ndivyo wimbo ulivyo.