Jeneza la Kimo Changu

Karakana yetu ya Kawangware ilitengeneza vitanda, milango na majeneza, na kwa majeneza tulikuwa na sheria moja: hayaundwi ya kuweka. Kitanda kinaweza kungoja mteja. Jeneza likianza kungoja, alisema fundi mkuu, litamtafuta mtu. Huyo alikuwa mzee mrefu kutoka Magharibi mwa Kenya ambaye hakuwahi kunisifu kwa lolote.

Halafu bosi akanunua programu. Kila oda ingeingizwa kwenye kompyuta, iende yenyewe kwenye simu ya fundi, na mbao zipungue zenyewe kwenye hesabu ya stoo. Mimi karani ndiye niliyepewa kuijaribu. Ilikataa kuendelea bila bidhaa, jina la mteja na vipimo. Kidole kikaangukia jeneza. Jina lililokuwa karibu ni langu, na kipimo pekee nilichokijua kwa kichwa ni kimo changu. Kwenye mbao nikachagua mvule, maana hata kwa majaribio sipendi vitu hafifu. Nikafunga kompyuta, nikaenda zangu nyumbani Silanga, na homa ikanilaza huko siku kadhaa, simu imezima.

Mtu mwingine angeuliza. Lakini kwa mafundi wetu hakuna oda ya jeneza bila maiti, kwa hiyo hawakuona la kuuliza.

Niliporudi, fundi alikuwa akinyoosha kitambaa cheupe ndani ya jeneza zuri ajabu. Aliponiona, nyundo ikamwangukia mguuni.

"Woi! Madam, si wewe ulikufa?"

"Nilikuwa na homa, mzee."

"Homa tu?" Aliuliza kama mtu aliyepotezewa wakati. "Na hii nimemaliza?"

Jina langu lilikuwa limechongwa kwenye kifuniko kwa herufi kubwa. Nilicheka, mpaka nikaona jinsi macho yake yalivyokuwa mekundu.

Bosi hakujali nani amekufa na nani hajafa. Programu ilionyesha jeneza moja tayari, linangoja mteja, na ilikataa kulifuta kwa kuwa mbao zilishatumika. "Ijumaa nataka hii kitu imetoka kwa stoki," akasema. "Ikibaki, utaenda nayo." Mafundi nao wakaweka vifaa chini, hawangepiga msumari karibu na jeneza la mtu aliye hai. Kibarua changu kikawa kinategemea sanduku lenye jina langu.

Nilifikiria kulipeleka nyumbani. Kwangu ni chumba kimoja: kitanda, jiko, mitungi ya maji. Jeneza lingeingia kama mimi ningetoka.

Ijumaa programu ikadai sahihi ya mteja. Nikatia. Ikaniandikia: asante, karibu tena.

Tukalibeba mimi na fundi mpaka kando ya barabara, na hapo nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Kompyuta ilidai stoo ina mvule. Stoo yetu haikuwahi kuwa na mvule tangu niajiriwe.

"Hizi mbao ulitoa wapi?"

Akaangalia pembeni. "Ni zangu. Nilikuwa nimeziweka za mlango ya nyumba yangu, huko nyumbani."

"Na ukanipa mimi?"

"Wewe ulikuwa umekufa. Ningekupa plaiwudi?"

Nikalia palepale, kando ya jeneza langu, na wapita njia wakaanza kunipa pole. Nilizipokea zote, sikuwa na nguvu za kueleza. Kisha nikamwambia mzigo sasa ni wangu, nimeutilia sahihi, na nataka ubomolewe, achukue mbao zake. Akakataa. Kitu cha marehemu, akasema, hakirudishwi. Nikamkumbusha kwamba anayekirudisha ni marehemu mwenyewe.

Kwenye kompyuta mimi bado ni mteja aliyechukua jeneza lake, na kazi yangu ninayo. Desemba nilienda kumsalimia fundi huko kwao Magharibi. Mlango upo, mzito na mzuri, na jina langu liko upande wa ndani, hakulikwangua. Ila mbao zilishakatwa kwa kimo changu, na hakupata mvule mwingine wa kuunga. Kwa hiyo mzee yule mrefu huinama kila anapoingia nyumbani kwake. Mimi nilipita wima.