Siku Niliyovunja Ungo wa Jirani

Kila nisikiapo mpunga ukipepetwa, ile sauti ya punje zinazoruka na kurudi ungoni, uso huniwaka moto mpaka leo. Watu wa kwetu Munje walilima mpunga mabondeni, na msimu wa mavuno, miaka ile ya hamsini nilipokuwa mtoto, uani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Makapi yalituingia kwenye nywele, yakaelea juu ya maji ya mtungi, yakajaa kwenye kamba za kitanda, na harufu yake kavu ilituwasha pua mpaka tukapiga chafya katikati ya sala. Mama alikuwa na ungo mmoja mkuukuu uliokwisha kulegea ukingo, kwa hiyo mwaka huo akaazima mwingine kwa jirani, ungo mpya wa mianzi, umesukwa ukasukika. Akatuonya sisi watoto tusiuguse hata kwa kidole. Mimi ndiye niliyekuwa binti mkubwa wa nyumba ile, mwenye maneno mengi, tena msomi. Hilo la usomi nalitaja makusudi, maana ndilo nililokuja kunyang'anywa.

Wasichana waliopelekwa shule kijijini kwetu wakati huo walikuwa wa kuhesabu. Baba alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, na alinipeleka shule huku majirani wakimcheka kuwa anafunza binti kuandika barua za wanaume. Hakuwajibu. Alasiri akirudi kazini, penseli bado imechomekwa sikioni, aliketi kibarazani na kuniuliza, "Haya, umesoma nini leo?" Nami nilisimama mbele yake nikamsomea sentensi zangu zote, na nilipokosea hakujua, kwa kuwa yeye mwenyewe alisoma Qurani tu. Njiani nilifuatana na rafiki yangu Mwanakombo, aliyenizidi umri kidogo. Asubuhi moja nilimpitia kwao nikaambiwa haendi. Nilipomuuliza Mama, aliutazama moto, kisha akasema, "Amevunja ungo. Hatakwenda tena shule." Akanituma kuni.

Wewe unayesoma pengine unajua maana ya maneno hayo. Mimi sikuijua. Nilichoelewa ni kwamba Mwanakombo amevunja ungo, na kwa kosa hilo amefungiwa chumbani na kuachishwa shule. Niliwachukia wazazi wake. Nilijiambia sijapata kuona watu wachoyo kiasi hicho, wanaomfunga mtoto kwa ajili ya kitu cha kupepetea mpunga. Lakini ningejuaje? Katika nyumba yetu mwili haukuwa na majina. Kichwa kilikuwa na jina, na mikono, na miguu. Kuanzia kitovuni mpaka magotini kote kuliitwa "huko", na hata hilo lilisemwa kwa sauti ya chini. Mdogo wangu wa mwisho alipozaliwa, tuliambiwa mkunga amemleta kikapuni, na kwa muda mrefu kila nilipomwona yule bibi njiani nilichungulia kikapu chake.

Siku yenyewe Mama alikuwa bondeni. Nilibaki nikiwafukuza kuku wasidonoe mpunga ulioanikwa, na katika kumkimbiza jogoo mmoja mkaidi nilirudi nyuma nikaukanyaga ungo wa kuazima. Kisigino kilipenya mpaka upande wa pili. Kibanzi cha mwanzi kiliniingia, na nilipiga kelele zilizomleta Hamisi, mtoto wa Shangazi Riziki, kijana aliyekuwa akimbebea Baba mbao. Alinikalisha, akaushika mguu wangu, akakivuta kibanzi kwa meno. Damu ikatoka kwa wingi. Aliniambia niukalie unyayo ule, uzito wangu uibane damu mpaka ikatike, kisha akaenda zake kazini. Nikaukalia, nimeukodolea macho ule ungo uliotoboka, huku nikimwona Mwanakombo chumbani mwake.

Nilipoona damu imekatika nilikwenda kwa Shangazi Riziki huyo, dada yake Baba, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu. Yeye ndiye aliyekuwa akiniombea msamaha kila nilipokosa. Nilichechemea, nimeinamisha kichwa, nimeshika pindo la kanga. Nikamwambia, "Shangazi, nimevunja ungo. Tafadhali usimwambie Mama." Hakunikemea. Alinigeuza taratibu akaitazama kanga yangu kwa nyuma, pale nilipoukalia mguu, akaona damu.

"Umeiona mwenyewe?" aliniuliza.

"Nimeiona, Shangazi. Ilikuwa nyingi."

Akanikumbatia. Akasema nisilie, kila mwanamke huvunja, hata yeye alivunja, na bibi yangu kabla yake. Nakumbuka jinsi nilivyostaajabu, katikati ya hofu yangu, kwamba mji mdogo kama Munje umevunja nyungo nyingi namna hiyo.

Kufika jioni nilikuwa mwari, nimewekwa chumba cha ndani, na hilo halikunishangaza, kwani adhabu yake nilikuwa naijua. Kilichonishangaza ni utamu wa adhabu yenyewe. Nililetewa kuku na wali wa nazi. Nilisuguliwa liwa, nikapakwa hina. Wanawake walikuja kumpa Mama mkono, wakacheka kwa sauti za chini, kisha wakapiga vigelegele vilivyosikika mpaka karakana ya Baba. Hivyo ndivyo Baba alivyopashwa habari. Hakuna aliyemtamkia neno. Alisikia vigelegele, akaelewa, na kesho yake sare yangu ya shule ilikuwa haipo tena msumarini. Kwa ungo wenyewe alilaumiwa mbuzi, nami sikuwa na habari kwa kuwa nilikuwa ndani.

Aliyepewa kazi ya kunifunda ni Bi Mwanasiti, somo yangu, mama mnene mwenye utani na sauti nzuri. Alikaa nami chumbani akanieleza mambo ya mwanamke kwa upole ambao sijausahau. Alisema ndani ya tumbo langu mna kifuko cha uzazi, na kila mwezi kifuko hicho hutandikwa kitanda kwa ajili ya mgeni. Mgeni asipokuja, matandiko hutolewa, na hiyo ndiyo damu. Mgeni akija, damu haishuki, kwa kuwa kitanda kina mtu, na baada ya miezi tisa anazaliwa mtoto. Nilipenda maelezo hayo. Yalikuwa na mpango, kama masomo ya shule. Nikainua mkono, kwa mazoea ya darasani, nikauliza mgeni huyo huingilia wapi. Bi Mwanasiti alijifunika mdomo kwa kanga. Hilo, alisema, nitaambiwa siku ya ndoa yangu. Kwa sasa inatosha nijue kwamba mwanamume asiniguse, na kwamba damu hushuka. Hushuka wapi, hakusema. Alinikabidhi sodo, vitambaa vyeupe vilivyokunjwa, akaahidi kunionyesha namna ya kuvifunga mwezi utakaofuata, kwa kuwa ya mwezi huu imeshakatika. Nami nikatazama kisigino changu, nikaona kweli hapana mahali pa chini kuliko hapo pa damu kushukia.

Usicheke, au cheka, lakini kumbuka nilikuwa mtoto ninayeamini kila ninaloambiwa na watu wazima. Mwezi uliandama, Bi Mwanasiti akaja kuuliza kama imeshuka. Nikakichunguza kisigino. Kilikuwa kimepona. Nikasema bado. Mwezi mwingine ukaandama, nikasema bado. Bi Mwanasiti alimwambia Mama asiwe na wasiwasi, wengine huchelewa mwanzoni. Mama hakutulia. Aliacha kuimba wakati wa kutwanga. Alikuwa akiingia chumbani, ananitazama tumbo, anatoka. Nami nililala kwenye kitanda kile nikipiga hesabu ya yale niliyofundishwa, na hesabu ilikuwa nyepesi: damu haikushuka, basi mgeni amekuja, na mgeni huja ukiguswa na mwanamume. Nilikuwa nimeguswa. Aibu niliyoipata hapo sijaipata tena maishani, ingawa haikuwa na sababu. Nilijiona mchafu. Nilikataa hata kumpokea mdogo wangu mgongoni, nisije nikamtia najisi.

Ndipo wakaingia wote watatu asubuhi moja, Mama, Shangazi na Bi Mwanasiti, wakafunga mlango. Mama aliketi kitandani kando yangu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, sema kweli. Kuna mwanamume aliyekugusa?"

"Yuko," nikasema. "Hamisi."

Kanga ilimtoka Shangazi kichwani na hakuiokota. Hamisi alikuwa mwanawe wa pekee, na siku zile jambo kama hilo lingemfukuza mtu Munje na kumvunjia Baba undugu na dada yake. Kisha Bi Mwanasiti, ambaye katika watatu hao ndiye hakuwa wa damu yetu, akathubutu kuuliza Hamisi alinigusa wapi.

"Kisiginoni."

Wakatazamana. Akauliza kwa nini alinigusa kisiginoni. Nikamjibu, huku nalia, kwamba alikuwa akinitoa kibanzi cha ungo, ule ungo wa jirani niliouvunja, na nikamwomba radhi Mama kwa kuuvunja. Bi Mwanasiti aliuinua mguu wangu akaugeuzia penye mwanga wa dirisha, akaliona kovu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Shangazi alicheka na kulia pamoja. Mama hakucheka. Alijifunika uso kwa viganja, nami kwa kumtazama yeye, wala si kwa kuambiwa, nikafahamu kwamba kuna ungo wa aina nyingine, na kwamba nyumba nzima, na majirani waliokula kuku wetu, na Baba, wote walikuwa wanafikiri habari za "huko" kwangu. Nilijifunika shuka gubigubi.

Nikiwa humo ndani ya shuka niliwasikia wakishauriana. Bi Mwanasiti alisema jambo ni jepesi, mtoto arudi shule, hajapoteza mengi, aambiwe tu baba yake kuwa lilikuwa kosa. Mama akauliza, "Nani atamwambia?" Mama mwenyewe hakuweza, maneno hayo hakuwahi kuyatamka mbele ya mumewe. Shangazi alisema yeye ni dada, atamtazama vipi kaka yake akimtajia damu ya binti yake? Bi Mwanasiti akasema yeye ndiyo kabisa, ni mwanamke wa nje. Na watu waliopiga vigelegele je, wataambiwa nini? Habari ilimfikia Baba bila neno hata moja, na sasa hapakuwa na mtu wa kutoa neno la kuirudisha. Mama alinifunua uso, akanipangusa machozi, akasema, "Kaa tu, mwanangu. Itakuja."

Nikakaa. Baba nilionana naye mlangoni na uani, akaitikia shikamoo yangu akitazama pembeni, na hakuniuliza tena nilichosoma. Mara nyingi nilisimama karibu na kibaraza chake, neno limenifika kooni, nikalimeza. Nilimwonea aibu yeye, naye pengine alinionea mimi. Damu yenyewe ilikuja msimu wa mavuno uliofuata, na safari hii nilijua ni nini. Sikupikiwa kuku. Hakuna aliyepiga kigelegele, kwa kuwa vyangu vilikwisha pigwa. Nilimwambia Mama kwa kuinamisha kichwa, naye akanionyesha kufunga sodo, na kwenye uzi wa kuanikia vitambaa vile vilikauka chini ya kanga nyingine. Muda si mrefu nikaolewa.

Sasa mimi ni bikizee, nakaa Msambweni na mwanangu wa mwisho. Binti yake alikuja na mchoro kutoka shule akaniwekea mapajani: mfuko wa uzazi, ovari, mirija yake miwili, shingo ya uzazi, kila kimoja na mshale na jina. Alinieleza kwamba ukuta wa mfuko hunenepa kila mwezi kupokea yai, na nikakitambua kile kitanda cha Bi Mwanasiti. Alinieleza na mlango pia, kwa sauti ya kawaida, nami nikageuka kutazama kama kuna anayesikia. Nimezaa watoto sita, lakini jina la mahali walipopitia nililisikia kwa mtoto anayevaa soksi nyeupe.

Juzi alitoka chumbani tukiwa tumeketi mkekani tunakunywa chai ya asubuhi, akamwambia baba yake, "Baba, nimeanza hedhi, na pedi zimekwisha. Naomba uniletee dukani." Mwanangu akauliza za aina gani, akamalizia chai yake, akavaa ndara, akatoka. Niliinamisha uso kwenye kikombe. Nilitaka kumkanya mtoto yule, nimfundishe haya, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kisha nikatazama huku na huku nikaona kwamba mwenye aibu pale mkekani ni mimi peke yangu. Alilolisema halikuchukua pumzi moja. Langu mimi lingekuwa fupi zaidi, na Baba alikuwa akiketi kibarazani kila alasiri, ananingoja bila kujua: Baba, ni ungo wa jirani tu, nirudishe shule.