Mpangaji, Punda wa Kulthumu

Kwetu Wamwera mjomba si mtu wa kusalimiwa na kupitwa. Mtoto wa dada yangu akitaka kuoa, ananiuliza mimi. Akitaka kuhama, ananiuliza mimi, na baba yake anakaa pembeni anakunywa chai yake. Nalisema hili mapema ili mwelewe kwa nini mpwa wangu Kulthumu, ambaye ana akili kuliko mimi (lakini msimwambie), alinisikiliza siku ambayo hakutakiwa kunisikiliza.

Kulthumu alizaliwa Nambilanje, akaolewa Ruangwa mjini na Twaha, fundi baiskeli mpole, mtu wa kuomba samahani hata akikanyagwa yeye. Twaha alifariki mwaka 1999, akamwachia watoto wawili na stoo iliyojaa spoku na minyororo. Kulthumu hakukaa kulia sana. Alichukua ndoo akaanza kuwachotea maji mama ntilie wa stendi, kutoka kisima cha bondeni. Ndoo kichwani, mlima unapanda, miaka mitatu, mpaka shingo ikagoma. Hospitali wakamwambia: mama, usibebe tena kitu kichwani, ukiendelea huo mkono wa kushoto utakufa ganzi moja kwa moja.

Ndipo akaja punda. Kulikuwa na mradi uliogawa punda kwa vikundi vya akina mama, na mwaka 2002 jina la Kulthumu likatoka. Watu walikuja kumtazama yule mnyama kama wanatazama harusi, maana huku kwetu punda ni mgeni. Kulthumu alihamisha vyuma vya marehemu, akafagia stoo, akamwingiza humo. Akamwita Mpangaji.

"Anakaa chumba cha mume wangu," alisema, "basi na awe na adabu za mpangaji."

Na alikuwa nazo. Madumu manne kila safari, hapigi kelele, hapigi teke. Shingo ya Kulthumu ikapoa. Akaanza hata kucheka tena, kile kicheko chake cha puani nilichokuwa nimekisahau.

Ila mradi ulikuwa na sharti. Baada ya mwaka angekuja mkaguzi, na punda atakayekutwa amekonda angehamishiwa kwa mama mwingine aliyekuwa akisubiri. Mwezi wa saba 2003 barua ikafika: mkaguzi anakuja katikati ya Septemba. Na Mpangaji, jamani! Mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Manyoya yamefifia, yamesimama ovyo kama mkeka uliotafunwa na panya.

Mimi nilikuwa Nachingwea, kwenye mikorosho yangu. Nilipopata habari nilipanda baiskeli siku hiyo hiyo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

Nilimzunguka punda mara tatu, mikono nyuma, kama daktari. Nikagonga mbavu. Nikanusa. Sijui nilinusa nini, lakini mtu mzima akinusa watu wanatulia.

"Nimewaza nimwongezee mashudu ya ufuta," akasema Kulthumu. "Pale mashine ya kukamua mafuta wanayo. Na chumvi kidogo, na majani ya karanga badala ya hizi nyasi kavu."

"Mashudu!" nikacheka. "Mashudu mpe kuku. Huyu anataka kitu cha kumwamsha ngozi. Wewe unajua mikorosho yangu?"

"Naijua mjomba."

"Ikishikwa na ugonjwa wa ubwiri, majani yakajikunja kama yameona jini, naipuliza nini?"

"Salfa."

"Na baada ya hapo?"

"Inang'aa."

"Haya. Na mtoto akiwa na ukurutu, tunampaka nini?"

"Salfa na mafuta ya nazi. Lakini hiyo ni ya kupaka, mjomba."

"Inayotibu nje, ndani itashindwaje?"

Aliniangalia, akamwangalia punda, akainamisha kichwa. Angekuwa jirani kasema vile angefukuzwa na ufagio. Lakini alikuwa mjomba kasema.

Nilikuwa na mfuko mdogo wa salfa uliobaki kwenye kupuliza. Nikachanganya konzi moja kwenye pumba, asubuhi na jioni, siku tatu. Mpangaji alikula kwa adabu zake zile zile, akipiga chafya.

Siku ya nne hakusimama. Alikuwa amelala ubavu, jasho linamtoka, anageuza kichwa kutazama tumbo lake kama analiuliza swali. Pumzi yake ilinuka mayai viza, na nyuma anaharisha maji. Kulthumu alipiga magoti kwenye ule uchafu, akaweka kichwa cha punda mapajani.

"Mpangaji," alikuwa akisema, "Mpangaji baba, amka."

Nilikimbia kumwita bwana mifugo, kijana mmoja anaitwa Fidelis, akaja na mkoba wake. Akamsikiliza tumbo, akatazama fizi.

"Amekula nini huyu?"

Nikainama nikajifanya natoa mwiba kwenye kandambili. Mimi, ambaye msibani napewa nafasi ya kusema na inabidi nivutwe shati nikae!

"Nyasi tu," Kulthumu akajibu haraka. "Na pumba."

Hakuniangalia. Alikuwa ananifunika. Yaani punda anamfia mapajani, shingo yake mwenyewe inarudi kwenye ndoo, na bado anamsitiri mjomba asiaibike mbele ya kijana. Nimeoa mara mbili na kula sikukuu nyingi, lakini sijawahi kupewa kitu kikubwa kama kile. Nilishindwa kukipokea.

"Nimempa salfa," nikasema.

Fidelis akageuka. "Salfa ipi, mzee?"

"Ya mikorosho. Konzi mbili kwa siku. Huyu binti alinikataza kwa macho, mimi ndiye niliyelazimisha."

Nilingoja anicheke. Hakucheka, hakuwa na muda. Alimpitishia mpira puani, akamiminia maji na mafuta, akasema asipewe chakula mpaka kesho, ainuliwe, atembezwe taratibu. Tulimtembeza kwa zamu uani, mimi na Kulthumu, mpaka tumbo likaanza kunguruma vizuri. Mchana mkubwa alikojoa mkojo mrefu, na sisi watu wazima wawili tukashangilia kama mpira umeingia golini.

Fidelis aliporudi kesho yake aliokota mabonge ya nyasi chini ya ukuta wa stoo.

"Haya mliyaona?"

"Huwa anayatema," Kulthumu akasema. "Nilidhani anachezea."

Fidelis akamfungua kinywa, akaniambia niingize kidole pembeni. Nikaingiza, nikakitoa mbio. Magego yamechongoka kama msumeno! Alikuwa akila lakini hatafuni, nyasi zinamchoma shavu anazitema. Tungempa hata pilau angekonda. Fidelis akayasugua magego kwa tupa ndefu, akampa dawa ya minyoo, kisha akataja chakula: majani ya karanga, majani ya mlonge yaliyokaushwa, chumvi ya kulamba, na mashudu ya ufuta yaliyolowekwa, kuanzia kiganja kimoja na kuongeza pole pole.

"Mashudu," Kulthumu akarudia, kwa sauti ndogo sana, huku anatazama ukuta.

"Nimesikia," nikasema.

Sikurudi Nachingwea. Wiki tano nilikaa Ruangwa nikiloweka mashudu, na madumu ya mama ntilie nikayabeba kwa baiskeli ili mnyama apumzike. Pale stendi waliniita mke mdogo wa punda. Na mimi niliwajibu kwamba angalau yeye hanung'unikii mboga.

Siku ya ukaguzi mbavu zilikuwa bado zinaonekana kidogo. Lakini shingoni na mgongoni yalishaota manyoya mapya, mafupi, laini, yamelala. Asubuhi nikaja na chupa ya mafuta ya ufuta nimpake ang'ae kote.

"Mjomba, weka chupa chini," akasema Kulthumu. "Waone alivyo."

Mkaguzi alikuwa dada mmoja anaitwa Jenifa. Alimpapasa punda mbavu kwa mbavu. Alipofika kiunoni akasimama, akasoma karatasi zake, na Kulthumu akashika mlango wa stoo kwa mkono ule wa kushoto.

"Aliumwa?"

"Aliumwa, dada. Meno, na tumbo."

Jenifa akavunja mavi ya punda kwa kijiti, akaona nyasi zimesagika vizuri. Akapitisha kiganja shingoni kwenye manyoya mapya, mara mbili, ya pili nadhani kwa raha yake mwenyewe.

"Huyu anapanda, hashuki," akasema, akaandika. "Abaki hapa. Nani anamlisha?"

"Mjomba wangu," akajibu Kulthumu. "Hakuna anayemjua punda huyu kama yeye, Ruangwa nzima."

Wote wakanigeukia, wakingoja niongeze. Nikainama, nikaokota madumu, nikaanza kumfungia Mpangaji mgongoni, maana akina mama wa stendi walikuwa bado hawajabandika chai.