Kushoto ni kwa Utingo

Gari lenyewe halikuwa na huruma. Lilikuwa gari la mashindano la kwenye gemu, lakini aliyelibuni hakutaka mchezo. Ukikanyaga mafuta yote ukiwa bado kwenye kona, matairi ya nyuma yanataka kutangulia ya mbele, mkia unazunguka, na unajikuta unatazama ulikotoka. Kwa miezi mitatu nililipeleka ukutani. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Songea, nimezoea vitu vinavyotii amri, na gari lile lilinikera kama mteja anayejua kila kitu.

Usukani na makanyagio yake niliachiwa na shemeji yangu alipohama. Nilivifunga kwenye meza ya sebuleni kwangu, Matogoro, mbele ya skrini ya kawaida. Usukani ule una mota ndani, gari likiteleza unakuvuta mikono kwelikweli. Nadhani huo ndio uliomfanya baba avutiwe.

Baba alikuwa dereva wa malori kwa zaidi ya miaka thelathini, Songea mpaka Makambako na kurudi. Alipostaafu alibaki na pikapu kuukuu ya kwendea kanisani na shambani Mpitimbi. Anaishi na mama nyumba ya pili kutoka kwangu. Jumapili moja baada ya misa alipita kwangu, akanikuta nimegonga tena. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye skrini.

"Unaligombeza gari," alisema. "Gari lenye nguvu halilazimishwi. Linaombwa."

Nilimwachia kiti nione huko kuomba. Alivua koti la misa, akalikunja, akakaa. Mzunguko wa kwanza nilicheka mpaka nikaona aibu. Alishika kushoto mwa barabara kama mtu anayeogopa trafiki. Kila kona alitafuta honi. Wenzake walipomkaribia kwa nyuma alitafuta indiketa ya kuwaambia wapite. Kwenye mteremko alishusha gia mbili, akaenda polepole, kama vile yuko milimani Lukumburu na tani za mahindi mgongoni. Alifika wa mwisho, akafuta jasho.

"Mzigo umefika," alisema.

Mzunguko wa pili aligonga, gari likazimika katikati ya njia. Aliniuliza majani yako wapi. Kwetu lori likiharibika, dereva hukata matawi na kuyapanga barabarani, nyuma na mbele ya gari, ili wanaokuja wajue kuna chombo kimelala. Nilimwambia kwenye gemu hakuna majani.

"Sasa barabara gani hiyo?" aliuliza, na ilionekana ameudhika kweli.

Kufika Jumapili ya tatu alikuwa ananishinda. Mimi nilikanyaga mafuta kwa mguu mzima. Yeye alitumia vidole vya mguu tu, kidogokidogo, akinyoosha usukani kadiri alivyoongeza moto. Mkia ukianza kutoroka aliusikia kwenye viganja kabla sijauona, akaurudisha kwa kugeuza usukani kiasi cha kufungua kifuniko cha chupa. Breki alizishika mapema, akaziachia mapema. Niliona wivu, nasema kweli. Mzee aliyeniuliza majani yako wapi alikuwa amelituliza gari nililoshindana nalo miezi mitatu.

Ila alikuwa na kasoro moja. Kila alipogonga, aligonga kushoto. Gari la mwenzake lilikuja ubavuni, yeye akaliziba njia kama halipo.

"Huyu katokea wapi?"

"Alikuwa hapo muda wote, baba."

"Kushoto ni kwa utingo," alinijibu. "Mimi nina kulia na mbele. Wewe umeninyima utingo, halafu unanilaumu."

Jibu hilo lilinitosha. Dereva wa lori hukaa kulia, na kushoto kwake ni mbali, kwa hiyo utingo ndiye huchungulia dirishani na kusema "nyeupe" kukiwa salama, au "tulia" kukiwa na kitu. Nilipokuwa shule nilifanya kazi hiyo likizo mbili, nikijiona mkubwa kuliko mkuu wa shule. Basi nilivuta kigoda, nikakaa kushoto kwa baba.

"Nyeupe."

Akakata.

"Tulia, kuna mtu."

Akatulia. Siku hiyo hatukugonga hata mara moja, tukashika nafasi ya tatu. Baba alinipiga bega, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aache lori. Tuliendelea hivyo Jumapili nyingi. Kwa miaka kadhaa mazungumzo yetu yalikuwa mbolea na mabati ya paa tu, na sasa nilikuwa na furaha, sioni sababu ya kuificha.

Kisha Jumapili moja nilikuwa natafuna karanga. Gari jekundu lilikuja kushoto, likaingia nusu nzima ya ubavu wetu, nami nilikuwa na mdomo uliojaa. Baba aliligeukia moja kwa moja, akaligonga. Niliwahi kumtazama usoni kabla hajagonga. Hakuwa amekosea mahesabu, hakuona chochote.

Hapo ndipo nilipowaza jambo ambalo fundi wa kompyuta alitakiwa kuliwaza siku ya kwanza. Skrini si lori. Kutoka kulia kwake mpaka kushoto ni shubiri tatu, na mtu aliyeketi mbele yake hahitaji utingo. Nikakumbuka nguzo ya geti la baba iliyokwanguliwa mara mbili, na kioo cha pembeni cha pikapu, cha kushoto, kilichofungwa kwa mpira. Baba alisema fundi mwashi aliijenga nguzo vibaya. Mimi nilikubali, hata nikamsema yule mwashi.

Nilikaa kimya wiki mbili. Ningependa kusema nilikuwa natafuta namna ya heshima ya kumwambia, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nazilinda Jumapili zangu.

Ijumaa moja mama alikuja kwangu. Jumatatu alikuwa anakwenda Madaba kumuuguza dada yake, angekaa huko wiki mbili.

"Baba yako ataenda shamba peke yake," alisema. "Mtafutie mtu wa kukaa naye pale mbele."

"Wa nini, mama?"

"Wa kumwambia nyeupe."

Aliitamka kama neno la jikoni. Alikuwa anamwambia hivyo tangu mavuno ya mwaka uliopita, kila kona, kila njia panda, kwenda Mpitimbi na kurudi. Mama hajawahi kushika usukani maishani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemnyang'anya ufunguo."

"Na akimgonga mtoto wa watu?"

"Mimi naona vizuri," mama alijibu, akasimama kukung'uta kanga yake.

Asubuhi njia ya Mpitimbi ina wanafunzi pembeni, wanatembea wawiliwawili, wengine wanasukumana. Usiku ule sikulala vizuri. Niliogopa kwa ajili yao na kwa ajili ya baba, na zaidi ya hapo niliogopa kuwa mimi ndiye wa kusema.

Jumapili baba alikuja kama kawaida, akavua koti, akalikunja. Nilimwacha aanze. Tulipofika sehemu iliyonyooka nilimwomba asimame. Alisimama pembeni, akatafuta breki ya mkono.

"Baba, angalia katikati ya skrini. Usigeuke." Niliunyoosha mkono wangu mmoja sawa na sikio lake la kushoto, vidole vyote vikiwa wazi. "Nimeinua vidole vingapi?"

"Umeinua?"

Niliusogeza mkono taratibu kuelekea mbele. Ulipokaribia usawa wa pua yake ndipo aliposema, "Vitano."

Alikaa akiutazama ule mkono. Alielewa haraka kuliko nilivyotaka.

"Umejua lini?"

"Wiki mbili."

"Na umekaa hapo wiki mbili unaniambia nyeupe."

Alichukua koti lake bila kulikunjua, akatoka. Nilitamani anigombeze, maana kugombezwa na baba nimekuzoea. Kwenye skrini magari mengine yaliendelea kutupita. Baadaye, hospitali, walituambia ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone ingelinda kilichobaki, na kilichokwisha kupotea hakirudi.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa baba nikiwa nimepanga maneno, na yote yakaishia getini. Pikapu ilikuwa uani, mahali pake pa siku zote. Nyuma yake yalipangwa matawi ya mkaratusi, mabichi, moja baada ya jingine, kwa umbali unaotakiwa. Mbele yalipangwa mengine. Baba alikuwa ameketi kizingitini, panga liko chini karibu na miguu yake. Nilimwamkia. Aliitikia.

"Mama yako ana basi," alisema. "Ufunguo uko juu ya boneti."

Aliyatoa matawi yeye mwenyewe, hakukubali nimsaidie. Dereva anayeondoka na kuacha majani barabarani hutukanwa na wote wanaokuja nyuma yake, na baba hajawahi kuacha majani. Kisha mama aliingia, akakaa katikati na kikapu chake mapajani, na baba akapanda mwisho, upande wa kushoto. Nilijaribu kukumbuka kama nimewahi kumwona upande ule. Sikukumbuka.

Tulishuka taratibu mpaka njia panda ya lami. Niliwasha indiketa ya kushoto, nikasubiri.

"Nyeupe," baba alisema.

Baiskeli yenye gunia la mkaa ilikuwa inapita ubavuni mwetu, upande wake, karibu na mlango. Mama aliiona, akaninyamazia. Mimi nilibaki nimekanyaga klachi mpaka ikapita.

"Gia imegoma kidogo," nilisema.

Nilichomeka gia, nikaingia lami.

"Gia ya gari hili haijawahi kugoma," alisema, kisha akageuza kichwa chote dirishani, akabaki hivyo mpaka stendi.