Nilivyotia salfa kwenye mbaazi za mama na kutangaza viwavi wamekufa

Wakuu, salaam. Hii sikusimuliwa, ilinikuta mwenyewe, na nikiikumbuka nasonya mpaka leo.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara huria ndo imeingia. Maduka ya dawa za kilimo yamejaa Kibiti, bwana shamba humwoni. Mama alikuwa na shamba la mbaazi Mahege, mbegu aliyorithi kwa bibi, dukani haipo. Akaenda Utete kumuuguza dada yangu, shamba akaniachia mimi.

"Mwanangu, mbegu hiyo ikipotea ndo basi tena."

Maua yalipotoka nikaona vidudu vyembamba, mabawa yamenyooshwa kushoto na kulia kama msalaba. Nikasema mbu hao, nikapuuza. Baadaye viwavi wa kijani wakaanza kutoboa maganda.

Sasa sikieni ujinga. Sisi watu wa mikorosho tunajua dawa moja tu: salfa. Nikaijaza kwenye soksi, nikawa naitikisa juu ya kila mche, macho yananiwasha hadi machozi.

Salfa inaua ukungu, wakuu. Kiwavi hana habari nayo!

Ila baada ya siku chache viwavi wengi wakatulia, wameng'ang'ania maganda, hawali, hawatembei. Nikatangaza kijiji kizima kwamba wamekufa. Majirani wawili nao wakaingia na soksi zao. Confidence niliyokuwa nayo, acheni tu.

Mama akarudi na dada kapona. Hakunipongeza. Alichuma ganda moja lenye "maiti", akalitia kwenye chupa na kufunga mdomo kwa kipande cha khanga. Nilikasirika, nikaona ananidharau.

Siku ya nne akaniita. Ndani ya chupa kakaa "mbu" wangu, kanyoosha mabawa!

"Hawakufa hawa, walikuwa wanajigeuza. Na wewe unawapigia vigelegele."

Mbu na kiwavi, kumbe mdudu mmoja. Majuzi nimesearch nikakuta anaitwa plume moth, nondo mdogo mwenye mabawa kama manyoya. Miaka yote hiyo sikujua hata jina la aliyeniumbua.

Tulivuna bakuli moja. Mama alizichagua punje moja moja, akazifunga kwenye kitambaa. Nikauliza anaziweka wapi.

"Kamuulize mbu wako."

Nilichojifunza: mjue mdudu kwanza, ndipo ufungue mfuko wa dawa. Mliotikisa soksi kama mimi jitokezeni, nisichekwe peke yangu.

Mbegu ipo. Mama alimwachia dada, na kila msimu dada ananikagua mifuko kabla sijaingia shambani.